Chapati za mama mkwe zinanivimbisha tumbo, niseme au ninyamaze?

Shikamoo anti. Naomba unifichie jina maana hapa mtaani tunajuana wote na wateja wa mama mkwe wangu wengi wana simu, wanasoma.

Mimi nina miaka 29, mama wa mtoto mmoja, kwetu Singida ila nimeolewa Tanga huu mwaka wa tano. Tunaishi nyumba moja na mama mkwe ambaye anauza chapati na maandazi barazani tangu mume wangu yuko darasa la tatu, yaani hiyo biashara ndiyo imemsomesha na mpaka leo ndiyo inalipa umeme, maji na ada ya wifi yangu mdogo. Mimi ndiye naamka saa kumi alfajiri kukanda unga, siku za kawaida kilo sita, Ijumaa mpaka kilo kumi, na mkono wangu wateja wanaupenda, hilo hata mama mwenyewe anasema.

Shida yangu tumbo. Nikila chapati asubuhi, ikifika saa tano tumbo limejaa gesi limekaza kama ngoma, linaunguruma naona aibu hata kukaa na watu, halafu choo kinakuwa chepesi, kuna siku naenda mara nne. Mchana kichwa kizito, nasinzia, nikipanda ngazi mbili tatu moyo unadunda. Tumbo lilivyovimba majirani wakawa wananiuliza "mambo tayari?" na mama mkwe akaanza kunihesabia miezi, mpaka nikalia.

Nimetibiwa amiba mara tatu, taifodi mara mbili, dawa za minyoo sikumbuki mara ngapi. Nikimeza napata nafuu siku mbili tatu linarudi palepale. Mwaka jana nilipimwa damu ikawa 8.9, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nimemeza miezi minne bila kuruka hata siku moja, kila asubuhi na chai yangu ya maziwa ili nisisahau. Kwenda kupima tena 9.2. Nesi akaniangalia akaniuliza kama kweli nameza au natupa.

Sasa mwezi wa pili bibi yangu mzaa mama alifariki nikaenda Singida nikakaa wiki tatu. Anti, tumbo lilitulia kabisa. Kule asubuhi ni uji wa uwele na viazi vitamu, mchana ugali wa mtama na mlenda, usiku hivyo hivyo na siku nyingine kuku. Nilikuwa nalala usiku mzima, chooni mara moja kwa siku, nguo zilizokuwa zinanibana zikanienea. Nimerudi Tanga asubuhi ya kwanza nikala chapati tatu na chai, mchana huohuo nikawa kama zamani.

Ndo nikaingia gugo nikakuta kuna kitu kinaitwa gluteni kipo kwenye ngano, na dalili zilizoandikwa pale zote ni zangu. Nikaacha ngano kimyakimya, sasa mwezi. Nafuu ipo lakini sio kama ile ya Singida, kuna siku nimekula wali na maharage ya nazi tu, ngano hata kidogo sijagusa, na tumbo likajaa vilevile. Nikajiuliza au ni vumbi la unga maana nakanda kila siku?

Kibaya zaidi mama mkwe alikuta chapati zangu nimezifunga kwenye gazeti nimeziweka nyuma ya pipa la maji. Akaniuliza mbele ya wifi, "Mkono unaokanda ndio huohuo unaotupa? Au kuna kitu umetia humo?" Tangu siku hiyo ananisalimia tu basi. Mume wangu anasema hiyo gluteni ni ugonjwa wa wazungu, na akanionya nisilitaje hilo neno barazani, wateja wakisikia ngano inaumiza watu tutakula nini.

Anti nimechanganyikiwa. Hii ni gluteni kweli? Niache kukanda? Mwanangu ana miaka minne, anapenda maandazi sana na yeye siku nyingine analalamika tumbo, nimwachishe? Na kuna dada kwenye kikoba chetu anauza unga wa kusafisha utumbo elfu themanini na tano, ananiambia nikope kikobani nitalipa taratibu. Naomba unisaidie.

Mama wa mmoja, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa bibi. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi, kwa sababu umeandika mambo mengi ambayo nadhani wewe mwenyewe hukuyaona ulipokuwa unayaandika.

Naona shida mbili zimefungwa kwenye kanga moja. Ya kwanza ni tumbo na damu, ya pili ni kwamba chapati ndani ya nyumba hiyo sio chakula tu, ni ada, ni umeme, ni jasho la mama kwa miaka yote hiyo, kwa hiyo wewe ukiisukuma sahani pembeni kuna mtu anasikia umemsukuma yeye. Tuanze na tumbo kwa sababu ukilijua vizuri hata maneno ya kumwambia mama utayapata. Mimi si daktari, nitakuambia ninachokijua ili ukienda kwa daktari uwe na maswali mkononi.

Safari ya Singida usiidharau. Kuna daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, miaka ya 1930 alikuwa keshaanza kushuku ngano kwa watoto waliokuwa wanaharisha na kudhoofu bila sababu kujulikana. Ikaja vita, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Uholanzi ikakumbwa na njaa kali, mkate ukawa haupatikani, na wale watoto wake wakapata nafuu wakati wenzao wanateseka na njaa. Mkate uliporudi wakaumwa tena. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake ya shahada ya uzamivu juu ya jambo hilo, na ndiyo mwanzo wa dunia kuelewa ugonjwa unaoitwa seliaki, wa utumbo kuharibiwa na gluteni. Kwa hiyo mtu kusema "nilipoondoka kwenye ngano nikapona, niliporudi nikaumwa" ni ushahidi, sio deko.

Lakini Dicke hakuishia hapo, alikaa akawapima na kuwapimia chakula mmoja mmoja. Na wewe nataka tukae kidogo kabla ya kuihukumu ngano peke yake, maana ulipokuwa Singida sio chapati tu iliyoondoka. Chai ya maziwa pia hukuitaja kule, umetaja uji. Maharage hukutaja. Hukuamka saa kumi alfajiri, hukuwa unaulizwa habari za mimba. Halafu umeniandikia mwenyewe kwamba siku ya wali na maharage ya nazi bila ngano tumbo lilijaa vilevile. Hiyo sentensi ndiyo niliyoipigia mstari.

Kwenye ngano kuna gluteni ambayo ni protini, ndiyo inayoufanya unga wako uvutike ukikandwa, lakini kuna pia sukari fulani zinazoitwa fruktani ambazo utumbo wa binadamu hauzisagi, zinafika chini zikiwa nzima na vijidudu vya utumboni vinazichachua, gesi inatoka hapo. Fruktani hizo zimo kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu pia, na maharage nayo yana sukari za ukoo huohuo. Watafiti wa Oslo, Norwei, mwaka 2018 walitoa majibu ya watu 59 walioamini gluteni inawaumiza na ambao hawakuwa na seliaki, wakawalisha vipande vya vitafunio bila kuwaambia kipi kina nini, na kilichowasumbua zaidi kilikuwa cha fruktani, sio cha gluteni. Watu wale maumivu yao yalikuwa ya kweli kabisa, ila waliyekuwa wanamlaumu siye. Na maziwa nayo, watu wazima wengi sana wa kwetu miili yao imepunguza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, wakinywa kikombe cha chai nzito tumbo linavimba na choo kinalegea. Mimi mwenyewe nililaumu mihogo miaka na miaka, kumbe ni kikombe cha maziwa nilichokuwa nashushia.

Sasa pale kwenye damu ndipo siwezi kukuachia upite hivihivi. Damu 8.9, miezi minne ya vidonge, 9.2. Inaweza kuwa jambo dogo kuliko unavyodhani, kwa sababu chai na maziwa vyote viwili vinazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na wewe ulikuwa unameza na vyote kwa pamoja, tena kwa uaminifu, kila siku. Nesi alikuuliza kama unameza, swali zuri lingekuwa unameza na nini. Inaweza pia kuwa safura, wale minyoo wanaonyonya damu, au hedhi nzito, hukuniambia hedhi yako ikoje. Lakini damu isiyopanda hata ukimeza dawa ni moja ya alama kubwa za seliaki, kwa sababu ugonjwa huo unaharibu sehemu ya juu ya utumbo mwembamba na hapohapo ndipo chuma kinapoingilia mwilini. Alama nyingine ni kupungua uzito, vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, au vipele vya malengelenge vinavyowasha sana viwikoni, magotini na matakoni. Jikague.

Watu wanachanganya mambo matatu. Aleji ya ngano inakuja haraka, dakika chache mpaka saa mbili, midomo inavimba, mwili unatoka mabaka, pengine pumzi inabana, na hiyo ikitokea ni kukimbizwa hospitali. Seliaki ni kinga ya mwili kuushambulia utumbo wako mwenyewe kila gluteni ikiingia, ni ya maisha, na mtu akithibitishwa hata makombo ya chapati hayatakiwi. La tatu ni tumbo kusumbuliwa na ngano bila seliaki wala aleji, hilo halina kipimo, linajulikana baada ya hayo mawili kuondolewa na mtu kuacha na kurudia kula kwa mpango. Hapo kuna watu wanakula chapati moja ya Ijumaa na hawadhuriki. Unaona tofauti ilivyo kubwa? Ukibaki na neno "gluteni" la gugo tu hutajua wewe uko wapi, kwenye makombo au kwenye chapati ya Ijumaa.

Kipimo cha kuanzia ni cha damu, kwenye karatasi wataandika tTG-IgA, na uombe wapime na kiwango cha IgA kwa ujumla, yaani aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho kinaitegemea, kwa sababu wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha na kwao majibu yanatoka safi wakati ugonjwa upo. Yakionyesha ugonjwa, kawaida kwa mtu mzima wanaingiza kamera mdomoni wanachukua vipande vidogo vya utumbo kuangalia. Sio kila maabara inapima, ulizia kwa simu kwanza hospitali ya rufaa au maabara kubwa, uulize na bei na kama bima yenu inalipa, usije ukapanda basi bure.

Na hapa kuna kitu kigumu ambacho sipendi kukuambia lakini lazima ukijue. Kipimo hicho kinafanya kazi mtu akiwa anakula ngano. Ukishaacha, mwili unapoa taratibu na damu inaweza kuonekana safi. Wataalamu wanataka mtu awe anakula ngano kila siku, zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki 6 hivi kabla ya kupima. Wewe una mwezi umeacha.

Kwa hiyo njia ziko mbele yako na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kurudia ngano wiki hizo 6 halafu upime, utapata jibu la kweli ila utaumwa, tena ukiwa na damu ndogo, kwa hiyo usifanye hivyo bila daktari kujua, na ukizidiwa unaacha na kumweleza. Unaweza kuendelea kutokula bila kupima, utapata nafuu hii nusu uliyonayo, lakini hutajua kama makombo yanakudhuru, na siku ukitaka kujua safari itaanza upya. Au unaweza kwanza kutoa maziwa na kupunguza vitunguu wiki mbili, maharage ukiyaloweka usiku na kumwaga maji yake, huku unaandika kwenye daftari ulichokula na saa tumbo lilipojaa. Hiyo haina gharama, inaweza kukufungua macho, ila inasogeza mbele swali la damu na hilo halifai kusubiri sana. Kuna watu wamechagua la kwanza, wengine wakashindwa siku ya nne. Unaujua mwili wako na unaijua nyumba yako. Ila ukiona damu chooni, homa za usiku, au uzito unashuka wenyewe, hapo usichague chochote, nenda tu.

Mtoto usimwachishe maandazi sasa. Kama wewe utakutwa na seliaki, basi yeye atahitaji kupimwa, maana kwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa uwezekano ni kama mmoja kati ya kumi, na yeye pia kipimo kitamtaka awe anakula ngano. Kwa sasa angalia kama anaongezeka urefu na uzito, kadi yake ya kliniki iangalie tena.

Vumbi la unga: kuugusa kwa mikono hakuleti seliaki, ngozi haimezi gluteni. Ila vumbi unalolivuta likashuka kooni, kidole ulichoonja, kiazi kilichokaangwa kwenye mafuta ya maandazi, hivyo vinaingia tumboni, na kwa mwenye seliaki vinahesabika. Kama huna, kukanda hakukudhuru tumbo. Kwa hiyo swali la kuacha kukanda nalo linasubiri jibu la kipimo, kwa sasa funga kitambaa puani, nawa vizuri kabla ya kula.

Huo unga wa elfu themanini na tano, mwanangu, mimi nisingeukopea. Hakuna unga unaotoa gluteni mwilini wala unaoponya seliaki, na humo ndani hujui kuna nini, vingine vinaharisha tu na wewe tayari unaharisha. Hela hiyo ipeleke kwenye kipimo.

Mume wako anasema ugonjwa wa wazungu. Mwambie kwa upole kwamba kiwango kikubwa zaidi cha watoto waliokutwa na alama za seliaki kwenye damu kilikuwa kwa Wasahrawi, Waafrika wa Sahara Magharibi, zaidi ya 5 kwa kila 100 kwa utafiti uliotolewa mwaka 1999, wakati sehemu nyingi duniani ni kama mmoja kwa mia. Sisi huku hatupimwi, tunapewa dawa ya amiba. Lakini pia nasikia kitu kwenye maneno yake, nasikia mtoto aliyesomeshwa kwa chapati anaogopa. Hofu yake haina ubaya, na ina jibu: watu wengi sana wanakula ngano maisha yao yote bila shida yoyote, gluteni sio sumu, ni tumbo moja moja linaloikataa. Hakuna mteja atakayedhurika kwa wewe kusema "tumbo langu".

Na mama mkwe. Umeandika "ananisalimia tu basi", na nimeona ulivyoumia. Jiulize pamoja na mimi, aliona nini siku ile? Aliona mkwe wake amefunga chapati kwenye gazeti na kuzificha. Hakukuona unaumwa, uliuficha na ugonjwa. Mtu anayeuza chakula akiona mpishi wake hakili na anakificha, hilo swali la "umetia nini" linakuja lenyewe hata kama anakupenda. Sisemi alikuwa sawa kukuuliza mbele ya wifi. Nasema inawezekana hasira yake sio ya kukuchukia, ni ya kuogopa na kuona mkono wake umedharauliwa, na wewe umekuwa ukiisoma kama chuki mwezi mzima. Wewe unamjua kuliko mimi.

Kama utaona moyo unakuruhusu, mfuate akiwa peke yake, jioni biashara ikiisha, sio barazani. Anza na kosa la kuficha, hilo ni lako. Kisha mwambie, "Mama, chapati zako hazina kosa, tumbo langu ndilo linaumwa na damu yangu haipandi, nataka nikapime." Mwonyeshe karatasi za 8.9 na 9.2, mama aliyelea anazielewa namba hizo. Usitaje gluteni siku hiyo, halikusaidii kitu. Inawezekana akakasirika zaidi, inawezekana akanyamaza, jiandae kwa yote mawili. Na kama anajua mkate wa kumimina au vitumbua vya mchele, muombe akufundishe, maana kwa watu wa Tanga hiyo ni heshima, na utakuwa na cha kukaa nacho kwenye chai bila kukaa pembeni. Ila kama majibu yatasema seliaki kikaangio na mafuta viwe vyake, visichangie na maandazi.

Kesho asubuhi kabla hujafanya uamuzi wowote kuna kitu kimoja unaweza kukianza: kidonge cha damu toa kwenye chai. Meza na maji uliyokamulia limao au chungwa, chai na maziwa vikae mbali kama saa mbili hivi, na kikikukereketa tumbo meza baada ya kula kidogo. Kisha niandikie hedhi yako ikoje, na kama kule Singida mlikuwa mnaweka vitunguu kwenye mlenda.